Ami yako anaona nini akisikia "mbu wa maabara"?

SUALI: Asalaam aleikum Dokta. Mie ni mwalimu wa bayolojia kwenye skuli moja ya sekondari huku Wete. Wiki ilopita kwenye grupu la familia ilipita klipu ya mbu waliobadilishwa vinasaba kule Bagamoyo, basi ami yangu akapandisha, akasema hiyo ni kuingilia uumbaji wa Mungu na wanaofanya hayo wataulizwa. Nikajaribu kumfahamisha jeni ni nini, mpaka nikamchorea kwenye karatasi, ndo kwanza akazidi. Mie naamini watu wakiifahamu sayansi vizuri watawacha kuzikasirikia tafiti kama hizi. Ni kweli au najidanganya? Na darasani niwaambie nini wanafunzi, maana nao washaiona ile klipu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh mwalimu, na pole kwa ugomvi wa grupu, najua unavokuwa, ukishajibizana na mkubwa wako mbele ya familia nzima hata ukishinda umeshindwa.

Nimelisoma suali lako mara tatu maana ndo jambo nlofanyia kazi zaidi ya miaka ishirini. Mie si mtu wa maabara, mie ni yule anaetangulia kijijini kabla utafiti haujaanza, nakaa na sheha, nakaa na wazee barazani, nawasomea watu fomu za ridhaa na kuwajibu masuali yao, kwahivo hasira kama ya ami yako nimekutana nayo kutoka Micheweni mpaka Makunduchi na nishaizoea kuisikiliza.

Jibu fupi ni kwamba nusu umesema kweli. Anachokijua mtu kuhusu sayansi kinabadilisha sana namna anavokasirika, hilo halina shaka. Lakini weye unadhani elimu ikiingia hasira inatoka, na hapo ndo sikubaliani nawe. Nlichokiona mie ni kwamba elimu inamuonesha mtu kitu chenyewe, anawacha kukikasirikia kile ambacho hakipo, halafu anakiona kilichopo, na akishakiona anaweza akatulia, na anaweza pia akakasirika upya na safari hii akawa na haki yake.

Tuanze na hao mbu wenyewe maana klipu nyingi zinakata habari katikati. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara pale Bagamoyo wakishirikiana na Imperial College London wamechukua mbu wa malaria, Anopheles gambiae, wakamtilia maelekezo mapya kwenye jeni zake ili akishakunywa damu tumbo lake litoe protini mbili ndogo zinazowachelewesha vijidudu vya malaria kukua, na wamewajaribu na vijidudu vilivotoka kwenye damu ya watoto wa hapahapa Tanzania waloumwa malaria kikweli. Hizo protini mbili asili yake zilijulikana kwa chura na kwa sumu ya nyuki. Kisha kuna jambo la pili ambalo ndo zito zaidi, nalo ni kwamba mbu hawa wanaweza kuunganishwa na mtambo wa kijenetiki unaosukuma urithi, yaani kwa kawaida mtoto anachukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, lakini hapo karibu watoto wote wanachukua lile jipya, na watoto wao hivohivo, mpaka linaenea. Kazi yote hiyo imefanyika ndani ya maabara ilofungwa.

Sasa weye ukimwambia ami yako "vinasaba" yeye anasikia nini? Hebu lisikilize neno lenyewe, limetoka kwenye nasaba. Na nasaba kwetu si neno la bayolojia, ni neno la ndoa, la mirathi, la nani mwana wa nani, ni katika mambo ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, mtu kujiita kwa baba asiekuwa wake ni dhambi kubwa. Basi unapomwambia mzee alokaa na vitabu kwamba kuna watu "wanabadilisha vinasaba" ushampiga pahala pabaya kabla hujafika kwenye mbu, na weye unachora mistari ya jeni huku yeye mwenzio anaona nasaba inachezewa. Walotunga neno hilo walikusudia wema, ni neno zuri tu, lakini lina mzigo wake na sisi wa sayansi tunalibeba bila ya kuuhisi uzito.

Na si hilo peke yake. Kwenye fomu zetu za ridhaa utakuta imeandikwa "washiriki watachaguliwa kwa njia ya bahati nasibu". Bahati nasibu! Mie nishawahi kumsomea mzee mmoja kijiji cha Kaskazini Unguja fomu hiyo, akanitizama akanambia mwanangu, kamari sichezi na mjukuu wangu hachezewi kamari. Nikarudi nikakaa na wenzangu tukabadilisha tukaandika "watapigiwa kura", na kura ni jambo analolijua kila alosoma chuoni, Mtume (SAW) alipotaka safari alikuwa akiwapigia kura wake zake nani afatane nae. Jambo ni lilelile, hesabu ni ileile, lakini mwanzo lilikuwa haramu na sasa likawa ni uadilifu. Vivohivo kile kidonge kisichokuwa na dawa ndani, wanaopewa kundi la kulinganisha, nimeona pahala kimetafsiriwa "dawa bandia", na dawa bandia kila mtu anajua ni zile za matapeli wanaouwa watu, kwahivo mzazi anasoma kwamba mwanawe huenda akapewa dawa ya tapeli na anaombwa atie saini. Na "majaribio" hilo ndo usiseme, hakuna anaetaka mwanawe ajaribiwe.

Kwahivo mwalimu, kabla hujasema watu hawafahamu sayansi, tizama kwanza sayansi tumewapelekea kwa maneno gani.

Nikupe mfano ambao nilikuwepo mwenyewe. Kampeni ya dawa za matende visiwani ilianza 2001, watu wote Unguja na Pemba wakipewa dawa mara moja kwa mwaka, na kujua kama dawa inafanya kazi lazima upime damu za watu, na damu ya matende haipimwi mchana. Vile vijinyoo vidogo vya matende mchana vinajificha ndani, usiku ndo vinatoka kwenye damu ya juu, saa ambayo mbu anaevibeba huwa anauma. Basi fikiria kwa macho ya mwenye nyumba, saa nne za usiku, gari, watu wageni, wanabisha hodi wanataka damu. Wazee wetu wana jina la hicho kitu tokea zama za mkoloni, mumiani, anaekwenda usiku kuchukua damu za watu kutengenezea dawa. Kwahivo sisi bila ya kukusudia tulikuwa tunamcheza mumiani mlango kwa mlango.

Bibi mmoja akaniuliza mlangoni, "kwani mchana damu yangu inakwenda wapi?" na lile suali mie mpaka leo naliona ni suali la kisayansi kuliko mengi nnayosikia kwenye semina. Nikamueleza habari ya vijinyoo na mbu, akafikiri, akacheka, akatoa kidole. Nyumba ya tatu kutoka hapo bwana mmoja nikamueleza vilevile, akanisikiliza mpaka mwisho, akanambia "nimekufahamu vizuri sana, hata mie ningekuwa dokta ningekuja usiku, lakini mwaka juzi walikuja wenzenu wakachukua damu ya mwanangu na jibu mpaka leo sijaliona, kwahivo sitoi". Timu ilofanya hivo siitaji na sikuwemo, ila sikuwa na la kumjibu. Ningemueleza habari za vijinyoo mpaka alfajiri isingesaidia kitu maana yeye hakupungukiwa na elimu, alipungukiwa na jibu la mwanawe.

Nimekusimulia hao wawili makusudi maana ukiwatizama kwa mbali wote ni "wanaokataa utafiti", na kumbe mmoja alikuwa na picha isiyokuwa sawa na mwengine alikuwa na deni anadai. Ukiwajibu kwa jibu moja utamkosa mmoja wao, na mara nyingi tunaemkosa ni yule wa pili kwa sababu tunamfanya mjinga na si mjinga.

Haya walosoma zaidi nao wameyapima. Mwaka 2008 Nick Allum na wenzake walikusanya tafiti 193 za maoni ya watu kutoka nchi 40, wakatizama je, anaejua sayansi zaidi anaipenda zaidi? Wakakuta uhusiano upo lakini mdogo, na kwenye mada maalum kama vyakula vya kubadilishwa jeni mambo yanatofautiana na yale ya sayansi kwa jumla. Mwaka 2019 wakatoka kina Philip Fernbach, walouliza watu Marekani, Ufaransa na Ujerumani kuhusu vyakula hivohivo, wakakuta wapinzani wakali kabisa ndo waliodhani wanajua sana na walipopimwa walikuwa wanajua kidogo kuliko wengine. Hiyo inakuunga mkono weye. Lakini miaka miwili kabla yake, 2017, Caitlin Drummond na Baruch Fischhoff walitizama Wamarekani kwenye mada ambazo dini na siasa zimeshaingia, kama seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyengine) na mabadiliko ya tabianchi, wakakuta walosoma zaidi ndo walogawanyika zaidi, yaani elimu kila mmoja kaitumia kuijengea boma nyumba yake. Mie hili nimeliona kwa macho yangu, kijana alomaliza chuo kikuu akiamua kupinga chanjo atakuletea hoja ambazo mvuvi hawezi kuzifikiria.

Kuna jambo jengine ambalo elimu hailifikii vizuri, nalo ni kinyaa. Mwaka 1986 Paul Rozin na wenzake walichukua mende alokufa, wakamsafisha kwa kumuuwa vijidudu vyote, wakamchovya kwenye glasi ya jusi kisha wakamtoa, wakawaambia watu kunyweni, hana hata kijidudu. Watu hawakutaka, na wanajua kwamba ni safi. Sasa mtu akiposti "wamemtia chura ndani ya mbu na mbu atakuja kukuuma" basi kazi imekwisha, maana kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi chura haliwi na hapo mtu keshajiona chura anamuingia mwilini. Ukweli ni kwamba hakuna nyama ya chura, kinachotumika ni maelekezo yaloandikwa upya maabara, na zile protini zinatolewa tumboni mwa mbu na si kwenye mate anayokutemea anapouma. Yafaa kuyasema haya na mie nayasema kila nikiulizwa, lakini siwezi kukuahidi kwamba mtu ataacha kusisimkwa, na wala si haki kumcheka kwa kusisimkwa.

Mfano nnaoupenda zaidi ni wa zamani kidogo. Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa Uingereza Louise Brown, mtoto wa mwanzo alotungwa nje ya tumbo la mama. Dunia ilipiga kelele. Watu wakisikia "mtoto wa chupa" wanaona kitoto kimekulia ndani ya gilasi kama samaki, hakina mama, sijui kitakuwa na roho au vipi. Halafu taratibu watu wakafahamu kinachofanyika, kwamba yai na mbegu vinakutanishwa nje siku chache tu kisha vinarudishwa kwa mama na mimba ni mimba kama nyengine. Picha ya gilasi ikafutika. Lakini angalia kilichobaki! Mwaka 1980 Al-Azhar walitoa fatwa, wakaruhusu kwa mume na mke waliomo ndani ya ndoa yao, yai la mke na mbegu ya mume, na wakakataa kabisa kuingiza mbegu ya mtu wa tatu, kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya nasaba. Hofu ya mwanzo ilokuwa kubwa na haina umbo ikafutika, likabaki suali moja limekaa wazi kama jiwe, na hilo hakuna kiasi cha bayolojia kitakacholiondoa kwa sababu si suali la bayolojia. Masheikh hawakuhitaji kuwa madaktari, walihitaji kuelezwa kweli tupu kinachofanyika, kisha wakafanya kazi yao.

Sasa nikurudishe Pemba kwenye habari ambayo kila nikiisimulia naisimulia kwa tahadhari. Miaka hiyo ya mwanzo wa 2000 Pemba ulifanyika utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki, na kundi jengine wakaongezewa zinki, watoto 24,076 wa umri wa mwezi mmoja mpaka miezi 35, na kundi moja wakipewa kidonge kisichokuwa na kitu. Wakati ule kuwapa watoto wote chuma ndo uliokuwa ushauri wa dunia kwa sehemu zenye upungufu wa damu, kila mtu alidhani ni kheri tupu. Tarehe 20 Agosti 2003 kamati ya usalama ikasema simamisheni makundi ya chuma. Watoto walokuwa wanapewa chuma na foliki walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 12 ya kulazwa kwa maradhi makali au kufa, kwenye kisiwa ambacho wakati ule malaria ilikuwa imejaa. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet 2006, na baada yake Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri, sehemu za malaria chuma asipewe kila mtoto ovyo, atizamwe mwenye upungufu, maana wale walokuwa na upungufu kweli walionekana kufaidika.

Mueleze habari hii mtu asiejua kitu, atakwambia waliwauwa watoto wa Kipemba kwa majaribio. Mueleze anaejua kidogo, atakwambia kwani nini walipewa wengine vidonge vitupu, ni dhulma. Anaejua zaidi ataona kwamba bila ya kile kidonge kitupu hatari ya chuma isingeonekana, watoto wangeendelea kupewa Afrika nzima na vifo vingeitwa malaria tu, na ataona kwamba kulikuwa na kamati inayotizama hesabu na ilisema simama. Lakini msikilize vizuri huyo wa tatu, je amekuwa hana suali? Anayo, na ni makubwa zaidi. Wazazi walielezwa nini mwanzo? Yalipotoka matokeo nani aliwarudia mlangoni kuwaambia mwanenu amesaidia kubadilisha dawa za dunia nzima? Na kwani nini watoto wa kisiwa kidogo ndo wabebe mzigo wa kujibu suali la dunia? Mie nimo kwenye kazi hii na nawaamini wengi wanaoifanya, na nakwambia masuali hayo ni ya haki, tena ukiyasikia kwa mzazi ujue umepata mtu alofahamu.

Au chukua mbung'o wetu wa Unguja, hii wanafunzi wako wataipenda. Baina ya 1994 na 1997 waliachiwa madume ya mbung'o zaidi ya milioni 8, wamekuzwa Tanga, wamepigwa mionzi wawe tasa, wanamwagwa kwa ndege ndogo juu ya Unguja. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akipandwa na dume tasa basi hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996 na mpaka leo ng'ombe wa Unguja hawaijui nagana, yale maradhi yanayoletwa na mbung'o. Ukilisema hilo juujuu utamwambia ami yako "si unaona, tushawahi kuachia wadudu wa maabara na hakuna kilotokea", na hoja hiyo nimesikia wataalamu wakiitoa na hainipendezi kabisa, maana anaefahamu atakujibu kwamba yule mbung'o alikuwa tasa, ukisita kumuachia leo baada ya wiki kadhaa hayupo, na mbu wa kusukuma urithi ukishamuachia hakai Unguja wala hasiti, anaingia jahazini anakwenda Tanga. Kwahivo hapa mtu anaejua zaidi ndo anaekuwa na wasiwasi zaidi na wasiwasi wake uko sahihi, na mwalimu wa sayansi asiufute.

Hata Burkina Faso walianza kidogokidogo, Julai 2019 kijiji cha Bana waliachia madume ya mbu walobadilishwa jeni, tasa, zaidi ya 6,000, yasiyokuwa na huo mtambo wa kusukuma urithi, baada ya miaka ya mazungumzo na wanakijiji, na pamoja na hayo Agosti 2025 serikali ya huko ikausimamisha mradi. Na Kano, Nigeria, watu walipoigomea chanjo ya polio 2003 kila mtu alisema ni ujinga, lakini ni Kano hiyohiyo ambako 1996 dawa ya Pfizer, kampuni ya dawa ya Marekani, ilijaribiwa kwa watoto 200 hivi wenye homa ya uti wa mgongo, 11 wakafa, na wazazi wakasema hawakuelezwa kwamba ni utafiti. Madaktari wamebishana miaka kilichowauwa ni nini, lakini mzazi wa Kano hakuwa anatizama jedwali, alikuwa anakumbuka. Ugomvi wa chanjo ulikuja kuwadhuru watoto wao wenyewe, polio ikatambaa mpaka nchi nyengine, na hilo linaniuma kwa sababu picha ya chanjo ilikuwa ya uongo na kidonda kilichowafanya waiamini kilikuwa cha kweli.

Ukiniuliza mie mwenyewe nasimama wapi kwenye hawa mbu wa Bagamoyo, nasema utafiti uendelee ndani ya maabara, maana mwaka 2023 peke yake malaria iliuwa watu kama 597,000 duniani na wengi kabisa ni watoto wa Afrika, mtu hawezi kusema tusitafute. Kuachia nje ni suali jengine, na kwa visiwa vyetu ambavyo malaria imeshushwa mpaka chini ya asilimia 1 kwa vyandarua, kupiga dawa majumbani na dawa za mseto, mizani yake si sawa na ya kijiji ambacho kila mtoto anaumwa. Tena kwenye chanjo mtu anaweza kusema mie simo akafunga mlango wake, kwenye mbu hakuna mlango. Nani atatoa ridhaa kwa niaba ya kisiwa? Saini ya sheha haitoshi na mie sijaona fomu yoyote inayolijibu hilo.

Sasa ami yako. Usimpelekee tena mchoro. Huyu ni mtu wa vitabu nadhani, basi ataijua kauli ya mafakihi kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kilivyo, kwanza tasawari, yaani kukipata kitu akilini kilivyo, ndo hukumu. Nenda mkae wenyewe, si kwenye grupu, umuulize kwa adabu, "ami, ukisikia mbu wa maabara unaona nini hasa?" halafu unyamaze. Akikwambia anaona chura, au anaona nasaba inachafuliwa, au anaona damu yake imebadilishwa, hapo una kazi yako ya bayolojia na utamfaa, na tumia neno "jeni" uliwache hilo la vinasaba. Akikwambia anaiogopa ile aya ya Suratin-Nisaa, 119, shetani anapoapa kwamba atawaamrisha watu wabadilishe uumbaji wa Mungu, hapo si pako wala si pangu, mueleze kinachofanyika bila kupunguza wala kupamba kisha mwende pamoja kwa sheikh mnaemuamini, wanavyuoni wana maneno mengi juu ya aya hiyo, lipi linaingia humo na lipi ni tiba. Na akikwambia "wazungu watatufanyia sisi kisha waondoke" basi msikilize mpaka amalize, usiseme lolote la sayansi.

Darasani, kabla ya klipu wape kila mmoja kipande cha karatasi wachore wanachokiona wakisikia mbu alobadilishwa jeni, bila majina, uzikusanye. Somesha somo lako. Halafu wape karatasi ya pili waandike, sasa baada ya kufahamu, kilichobaki kinachokukera ni kipi? Zile karatasi za pili ndo mjadala wako, na usiwape jibu. Kisha watoe nje uwapeleke bondeni kwenye mpunga, wachote maji waangalie viluwiluwi, wa Anopheles analala sambamba na uso wa maji na wale wengine wananing'inia vichwa chini, halafu walinganishe na wa kwenye mashimo ya maji machafu karibu na skuli. Wataona kwamba mbu wengi wanaowauma usiku majumbani si hao wa Bagamoyo kabisa, na anaewaahidi kwamba maabara itawamalizia mbu anawadanganya. Ami akiwa na nafasi muombe afatane nanyi, wazee wa Wete wanayajua mabonde hayo na misimu yake kuliko mie na weye.